Mtoto Akisema, Nini Kinafuata? Mwongozo wa Kutunza Afya ya Akili ya Wanafunzi wa Shule ya Msingi

Shule nyingi za msingi Tanzania hazina mwanasaikolojia, na hazitampata mwaka huu. Zina walimu, wengine wakiwa na watoto zaidi ya sabini darasani, na zina mwalimu mmoja aliyeongezewa "malezi na unasihi" juu ya vipindi vyake bila kupunguziwa hata kimoja. Mwongozo huu ni wa shule za namna hiyo. Hatua zake zina mpangilio wenye sababu. Ukianza na sanduku la maoni kabla hujapunguza fimbo, utafungua sanduku tupu kila Ijumaa. Ukiwaambia watoto "njooni mseme" kabla hujajua utawapeleka wapi, utakuwa umewaumiza mara ya pili.

Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14. Huo ni umri wa watoto tunaowaita majina kila asubuhi.

Hatua ya kwanza: punguzeni hofu

Anzeni na viboko, maana vinagusa kila kitu kinachofuata. Kanuni za adhabu hiyo Tanzania Bara, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike pale alipo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Mwombeni mwalimu mkuu alete daftari hilo kwenye kikao cha walimu. Shule nyingi zitakuta daftari halina kitu huku kila mwalimu akiingia darasani na fimbo yake. Kenya wamepiga marufuku kabisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema hivyo waziwazi.

Sitabishana hapa na mwalimu anayeamini kwamba yeye mwenyewe alifika alipofika kwa sababu ya fimbo. Nitamwuliza jambo moja tu: mtoto aliyechapwa na wewe saa mbili kwa kuchelewa, saa nne atakufuata akuambie kwamba mjomba wake anamshika usiku?

Na inawezekana kubadilika bila shule kugeuka soko. Wilaya ya Luwero, Uganda, shule 42 za msingi ziliingia kwenye utafiti wa mpango ulioandaliwa na shirika la Raising Voices, ambao kazi yake ni kubadilisha uhusiano wa walimu na wanafunzi shule nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: hatari ya mwanafunzi kupigwa na mfanyakazi wa shule ilipungua kwa asilimia 42. Walimu walikuwa walewale, na mishahara ileile.

Mahali pa fimbo pakae nini? Mchelewaji aulizwe sababu kwanza, maana wengi wanachota maji au wanapeleka wadogo zao. Anayerudia kosa abaki na mwalimu dakika tano baada ya kipindi, wawili tu, bila hadhira. Aliyeharibu atengeneze. Kanuni za darasa zitungwe na watoto wenyewe, zisizidi tano, zibandikwe. Walimu wanaofanya hivi wanasema wiki mbili za mwanzo ni ngumu, kwa sababu watoto wanakupima kuona kama kweli umeiacha fimbo au umeificha kabatini.

Kuna fimbo nyingine isiyo ya mti. Kusoma majina ya walioshika nafasi za mwisho mstarini, kumwita mtoto kilaza, kumsimamisha mbele kwa sababu sare imechanika. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule na watahiniwa bora kitaifa. Kama ngazi ya taifa wameona haina tija, shule ya watoto mia sita inaweza kumpa kila mtoto matokeo yake mkononi na ikaishia hapo.

Mengine ya hatua hii mnayajua: uji wa saa nne, choo cha wasichana chenye mlango unaofungwa kwa ndani, taulo za kike kwa mwalimu mmoja anayejulikana. Mtoto mwenye njaa hana utulivu wa kutulizwa.

Hatua ya pili: wachagueni watu wa kuendewa, na watoto ndio wachague

Mwalimu wa malezi akiteuliwa na ofisi, mara nyingi hupewa mwenye vipindi vichache au mwenye umri mkubwa. Fanyeni tofauti. Wapeni watoto wa darasa la tatu hadi la saba vipande vya karatasi, kila mmoja aandike bila jina lake mtu mzima mmoja hapa shuleni ambaye angemweleza jambo linalomsumbua. Wa madarasa ya chini waulizwe mmojammoja. Msishangae majina ya walimu watatu yakijirudia na mengine yasionekane kabisa. Msishangae pia akichaguliwa mama anayepika uji. Kama ametajwa na wengi, mhusisheni, mfundisheni kumleta mtoto kwa mwalimu wa malezi.

Chagueni wawili, mwanamke na mwanamume. Mwalimu mkuu awapunguzie zamu au vipindi, la sivyo kazi itakufa mwezi wa pili. Na wajue mipaka yao: kazi ni kusikiliza, kuandika, na kuunganisha mtoto na msaada. Hawatibu mtu.

Mahali pa mazungumzo ni jambo la kufikiriwa sana. Panatakiwa pawe mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki: benchi chini ya mwembe linaloonekana kutoka dirisha la ofisi ni bora kuliko chumba chenye mlango wa kufunga. Linamlinda mtoto, na linamlinda mwalimu.

Sanduku la maoni liwekwe njiani kuelekea vyooni, ambako kila mtoto hupita na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Sanduku lililotundikwa kwenye mlango wa mwalimu mkuu ni pambo. Lifunguliwe na wale wawili kwa pamoja, siku ileile kila wiki.

Hatua ya tatu: jifunzeni kuona

Kifaa bora mlicho nacho ni daftari la mahudhurio. Lisomeni kwa kwenda pembeni, jina moja kwa wiki nzima, badala ya kuhesabu tu waliopo leo. Mtoto anayekosekana kila Alhamisi huenda anauza ndizi gulioni. Anayekosekana Jumatatu na kusema tumbo linauma, Jumatatu baada ya Jumatatu, ana jambo linalotokea mwisho wa juma nyumbani au jambo analoliogopa mwanzo wa juma shuleni. Msichana wa darasa la sita anayekosa siku tatu au nne kila mwezi hahitaji mnasihi, anahitaji taulo.

Dalili kubwa ni mabadiliko. Mtoto mtundu aliyekuwa mtundu siku zote hanipi wasiwasi kama mtoto mtundu aliyenyamaza ghafla. Angalieni anayesinzia kila siku, anayeshtuka akiguswa bega, aliyeacha kucheza rede na wenzake, aliyeanza kujikojolea wakati alishaacha, anayepigana kila mapumziko, anayerudi na madaftari mapya na pesa asizoweza kueleza zimetoka wapi. Dalili moja peke yake haisemi kitu. Mbili au tatu zikidumu wiki mbili, mfuatilieni. Na wapo wale wa katikati: hawafeli, hawafaulu, hawasumbui, na mwalimu hawezi kukumbuka mara ya mwisho kusikia sauti zao. Chukueni orodha ya darasa, kila mwalimu aweke alama mbele ya watoto ambao amezungumza nao wiki hii. Majina yasiyo na alama ya mwalimu yeyote ndiyo ya kuanza nayo.

Kabla ya kusema ni la moyoni, ondoeni la mwilini. Asiyejibu huenda hasikii. Anayechukia kusoma huenda haoni ubao. Anayekodoa macho sekunde chache kama aliyepotea, kisha akaendelea bila kujua kilichotokea, na ikajirudia mara nyingi kwa siku, anaweza kuwa na kifafa cha aina isiyoangusha. Huyo ni wa kupelekwa kituo cha afya. Watoto wangapi wamechapwa kwa kosa la "kuota mchana" Mungu ndiye ajuaye.

Zoezi moja linalofaa darasa zima: kila mtoto achore njia yake kutoka nyumbani hadi shuleni na ramani ya shule, kisha apake rangi nyekundu sehemu anazoziogopa. Wekeni michoro hamsini pamoja mezani. Nyekundu itajikusanya yenyewe: nyuma ya vyoo, kijiwe cha bodaboda, kichaka cha mtoni, wakati mwingine mlango wa darasa fulani. Mchana mmoja wa penseli za rangi unawapa taarifa ambayo dodoso la kurasa kumi haliipati.

Hatua ya nne: mazungumzo yenyewe

Hapa ndipo wengi tunaharibu, kwa sababu tumezoea kuuliza maswali tunayojua majibu yake. Mazungumzo na mtoto wa darasa la nne yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa. Hujafanya kosa lolote, nimekuita tuongee."

(Kimya.)

"Nimeona siku hizi saa nne unabaki darasani peke yako. Zamani ulikuwa golikipa."

"Sijisikii tu."

"Sawa. Si lazima uniambie leo."

"Mwalimu... nikikuambia utamwambia mama?"

"Kama kuna mtu anakuumiza, nitalazimika kumwambia mtu wa kunisaidia kukulinda. Lakini nitakueleza wewe kwanza ni nani na kwa nini. Mstarini sitalisema, na kwenye chai ya walimu halitafika."

Jibu hilo la mwisho ndilo la kulifanyia mazoezi mpaka litoke lenyewe. Ukiapa kutunza siri kisha ukalazimika kuivunja, umempoteza huyo na wenzake wote atakaowasimulia.

Baada ya hapo, mwacheni aseme kwa mwendo wake. Ulizeni "ikawaje?" na "halafu?", msiulize "baba ndiye alikupiga, siyo?" Maswali ya kumwekea mtoto maneno mdomoni yanamchanganya, na shauri likifika mahakamani yanaharibu ushahidi. Msiulize kwa nini hakukimbia au kwa nini hakusema mapema. Mahubiri na maombi yana wakati wake, ila yasitangulie masikio. Akilia, mwacheni alie, mpeni maji. Akimaliza, mwambieni mambo mawili: umefanya vizuri kuniambia, na haya si makosa yako. Kisha mwambieni lini mtaonana tena, na siku hiyo ikifika muwepo.

Andikeni jioni hiyohiyo, kwa maneno aliyoyatumia yeye: tarehe, alichosema, mlichokiona kwa macho, mlichofanya. Tumieni namba badala ya jina, na orodha ya namba na majina ikae mahali pengine. Daftari lifungiwe.

Hatua ya tano: nyumbani

Msimpe mtoto barua ya kumwita mzazi. Atatembea nayo kilomita tatu akijiuliza amefanya nini, na wengine hawatafika nayo. Pigeni simu, au mfuateni mzazi. Na kama yule anayetajwa kumuumiza mtoto anaishi nyumba hiyo, msipige simu yoyote kabla ya kuzungumza na afisa ustawi wa jamii.

Ukimwambia mzazi mtoto wake ana tatizo la afya ya akili, atasikia kwamba umemwita mwanawe kichaa, na kikao kimeisha. Semeni mlichokiona: "Mama, mwezi huu mwanao amesinzia darasani karibu kila siku, na amekuwa akilia bila kugombana na mtu. Nyumbani mnaonaje?" Kisha nyamazeni. Mara nyingi utasikia kuhusu ndoa iliyovunjika, baba aliyekwenda machimboni, deni la kausha damu (mkopo wa riba kubwa), bibi wa miaka sabini anayelea wajukuu watano. Mzazi anayepambana hivyo hahitaji kufokewa. Ombeni kitu kimoja kidogo kinachowezekana: mtoto alale kabla ya saa tatu, asitumwe dukani usiku, aongee na baba yake kwa simu Jumapili.

Jambo hili likipelekwa kwenye mkutano wa wazazi, liwe la jumla bila mfano wa mtoto wa kijiji hicho. Kila mtu atamtambua.

Hatua ya sita: rufaa, na kuifuatilia

Kabla shida haijatokea, tengenezeni karatasi moja yenye majina na namba za simu: afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, mtendaji, zahanati na kituo cha afya, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na hospitali ya wilaya. Pigeni simu zote mjue ipi inapokelewa. Ongezeni 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo inafanya kazi Tanzania na Kenya, na mwalimu naye anaruhusiwa kuipiga kuomba ushauri.

Kuna mambo ambayo shule haina hiari nayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Vikao vya kuyamaliza kifamilia, mbuzi mmoja na radhi, si mahali pa shauri la mtoto aliyebakwa. Mtoto huyo apelekwe hospitali haraka, asiogeshwe kwanza, nguo zake zitunzwe kwenye karatasi au bahasha, maana mfuko wa plastiki huharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, hivyo kukosekana kwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kusicheleweshe matibabu. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wanapatikana mahali pamoja. Ulizeni kama yenu inacho.

Sasa tahadhari, na inatoka Luwero hukohuko. Wakati wa utafiti, watoto zaidi ya 500 waliosimulia ukatili walipewa rufaa kwa huduma za ulinzi wa mtoto. Waliohudumiwa ipasavyo hawakufika 30. Hawakukosa barua, walikosa mtu wa kuwafuatilia. Kwa hiyo kila rufaa iandikiwe tarehe ya kuulizia, siku tatu mbele, na jina la mwalimu atakayepiga simu hiyo. Ikishindikana, wiki inayofuata apigiwe afisa wa ngazi ya juu. Afisa ustawi mmoja akihudumia kata nyingi, anayepigiwa simu mara tatu ndiye atakayemkumbuka.

Siku ngumu

Mwanafunzi akifariki, waambieni watoto ukweli kwa maneno mafupi, darasa kwa darasa, kupitia mwalimu wao na si kwa tangazo la mstarini. Dawati lake msiliondoe usiku. Waulizeni wenzake wafanye nini nalo.

Mtoto akisema anataka kufa, mwulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua na kama anajua atafanyaje. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Asibaki peke yake hata dakika moja, mzazi aambiwe afungie dawa za mazao na sumu ya panya, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Halafu yapo "mapepo". Msichana mmoja anaanguka akipiga kelele, dakika kumi baadaye wako kumi na watano, kijiji kizima kiko uwanjani. Jambo hili si geni nchini. Tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Wakaathirika 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Waliochunguza hawakukuta sumu wala ugonjwa wa mwili ulioeleza hali ile, na miaka mingi baadaye watafiti wamelitazama tukio hilo kama msongo uliotokea kwa njia ya mwili na kusambaa kwa kuonana. Wanaoanguka hawaigizi. Kwa hiyo: watengeni walioanguka, kila mmoja na mtu mzima mtulivu, kivulini. Wengine warudishwe madarasani na shughuli iendelee. Watazamaji watolewe, simu za kurekodi ziwekwe mifukoni. Anayetupa viungo kwa mtukutiko, aliyeuma ulimi au asiyezinduka baada ya dakika tano ni wa hospitali. Wazazi wanaotaka kumwita shehe au mchungaji wakaribishwe kwa heshima, ila ibada ya kelele mbele ya shule nzima itaangusha wengine. Hali ikitulia, tafuteni chanzo: mitihani ya majaribio kila wiki, bweni lililojaa, mwalimu anayeogopwa. Chanzo kisipoguswa, watarudi kuanguka.

Walimu wenyewe, na uhamisho

Mwalimu anayesikiliza habari hizi wiki hadi wiki naye anachoka, halali, anaanza kuwaona wanafunzi wote kama majeruhi. Wale wawili wakutane kila wiki wazungumze wao kwa wao bila kutaja majina ya watoto, na mwalimu mkuu ahesabu muda huo kama kazi.

Kisha kuna jambo ambalo mipango mingi hailifikirii: mwalimu anahamishwa. Barua inakuja Ijumaa, Jumatatu anatakiwa kuripoti halmashauri nyingine, na watoto waliomfungulia mioyo wanakuta kiti kitupu. Ndiyo maana tangu mwanzo wawe wawili, na kila mtoto anayefuatiliwa awe ameshakaa angalau mara moja na wote wawili. Anayeondoka aagane na kila mtoto wake ana kwa ana, amwambie kwamba kuhama kwake hakutokani na alichoambiwa, na amwulize ni mambo gani anaridhia mwalimu anayebaki ayajue. Yanayohusu usalama wa mtoto yanakabidhiwa kwa vyovyote, na mtoto aelezwe hivyo. Mengine yakabidhiwe kwa ridhaa yake. Daftari na orodha ya namba vikabidhiwe kwa saini, mbele ya mwalimu mkuu, pamoja na tarehe za rufaa ambazo bado hazijajibiwa.